Ukigandisha mchuzi, tui tia siku ya kula

Kwa mnaokaa peke yenu mnaopika mara moja mkala mwezi mzima: kunde, choroko, maharage, pika na kitunguu, tungule na chumvi tu, tui usitie kabisa, maana kwenye friza linakatika, ukija kupasha mafuta yako juu maji chini. Ikipoa gawa kwenye vikopo, kila kimoja mlo mmoja, juu acha nafasi ya kidole kwa sababu ikiganda inavimba. Siku ya kula unapasha, ikichemka ndo unamimina tui zito unakoroga moto mdogo, wallahi utasema umepika leo. Mbatata lakini hazifai, zinakuwa kama sponji. Na umeme ukikatika mpaka vikopo vikayayuka vikapata joto, mwaga, usigandishe tena.