Kinanda cha zamani kimeharibika: lipi la mkono wako, lipi la fundi

Kinanda cha umeme cha miaka ya 1980 huharibika kwa namna nyingi, na ndiyo maana anayeuliza kama akifungue mwenyewe au akipeleke kwa fundi hawezi kupata jibu moja. Kipimo ninachokitumia, baada ya kutengeneza na baada ya kuharibu pia, ni hiki: kazi ambayo ukikosea unaweza kuirudisha kama ilivyokuwa, ifanye mwenyewe hata kama hujawahi kushika bisibisi, na kazi ambayo kosa lake halirudi nyuma, mpe mtu aliyekwisha kuifanya mara nyingi. Gharama huja baadaye.

Mjomba wangu alipiga kinanda kwenye harusi na katika mahoteli ya hapa Unguja, na aliponiachia Roland Juno-106 yake, chombo kilichotoka kiwandani kuanzia mwaka 1984, kilikuwa kimelala juu ya kabati kwa miaka mingi ndani ya mfuko wa plastiki. Mfuko huo ulidhaniwa kuwa ni kinga, kumbe ndio uliofungia unyevu wa masika ndani, na skrubu za chini zilikuwa zimeota kutu kiasi cha kuacha alama nyekundu kwenye kiganja. Kwa hewa yetu yenye chumvi ya bahari, kitambaa kinachopitisha hewa hufaa zaidi kuliko plastiki.

Kabla ya bisibisi, soma kibandiko kilicho nyuma ya chombo. Umeme wetu ni volti 230, wa Japani ni volti 100, na wa Marekani ni volti 120. Vinanda vya zamani vya aina moja vilitengenezwa na transfoma tofauti kulingana na nchi vilikokusudiwa kuuzwa. Kwa kuwa bidhaa za mitumba kutoka Japani si ngeni kwetu, usidanganywe na plagi ya miguu mitatu, kwani plagi hubadilishwa kwa dakika tano na mtu yeyote, ilhali transfoma ya ndani hubaki ileile. Chombo cha volti 100 kikichomekwa moja kwa moja ukutani huungua, na ukiwa na bahati huungua fyuzi tu. Ukikuta kibandiko kinasema 100, tafuta transfoma ya kushushia umeme yenye wati mara mbili ya zile zilizoandikwa kwenye kibandiko, na uandike namba hiyo kwa wino mzito juu ya chombo ili mwingine asije akakichomeka kwa pupa. Fyuzi iliyoungua hubadilishwa kwa fyuzi ya thamani ileile. Kuizungushia waya wa shaba au karatasi ya sigara, kama tulivyozoea kuona, ni kuiondolea nyumba yako kinga.

Jambo la pili ni kumbukumbu ya sauti, na hapa ndipo nilipopata hasara yangu. Juno-106 huhifadhi sauti 128, na zote hushikiliwa na betri ndogo bapa aina ya CR2032 iliyolehemewa kwenye bodi. Yamaha DX7 ya mwaka 1983 nayo huishikilia kumbukumbu yake kwa betri ya namna hiyo. Mimi niliiona betri, nikaipima, nikakuta imechoka, nikaichomoa. Kwa tendo hilo moja zilipotea sauti zote alizozitengeneza mjomba kwa mkono wake, ikiwemo moja ya nyuzi ambayo ilikuwa ikikaribia sana fidla za taarab, na hakuna fundi, wa hapa wala wa ng'ambo, anayeweza kuzirudisha. Zile za kiwandani hupatikana hadi leo na hurudishwa kwa kupigwa kama rekodi ya kaseti kupitia tundu la nyuma, lakini za mjomba hazikuwa za kiwandani. Basi, kama chombo bado kinawaka, rekodi kwanza sauti zake kwenye simu au kompyuta kupitia tundu la kaseti, au zipeleke kwenye kompyuta kwa waya wa MIDI (njia ya vyombo vya muziki vya umeme kupeana taarifa) kama chombo chako kinaruhusu, kisha hakikisha kwamba kilichorekodiwa kinasomeka tena. Betri nzima hupima volti 3 au zaidi kidogo, ikikaribia 2.5 usiichelewe.

Kuibadilisha betri yenyewe ni kazi iliyo mpakani. Anayeweza kulehemu vizuri atoe ile ya zamani na aweke kikalio, ili safari nyingine betri ichomolewe kwa kidole bila moto, akiangalia kwamba upande wa chanya na wa hasi haujageuzwa. Ambaye hajawahi kulehemu asijifunzie hapa. Nunua redio mbovu, uichomoe vipande vyake hamsini na kuvirudisha, na ukiona njia za shaba za bodi hazibanduki, ndipo urudi kwenye kinanda. Kuna chombo kimoja kisichostahili kusubiri hata wiki: Korg Polysix ya mwaka 1981, ambayo betri yake ni ya kuchajiwa, na ikizeeka huvuja majimaji yanayokula shaba ya bodi polepole hata chombo kikiwa kimezimwa. Ukikuta ungaunga wa kijani au mweupe pembeni mwa betri hiyo, itoe, pangusa mahali hapo kwa siki kidogo kwenye pamba, suuza kwa maji safi yaliyotoneshwa ya kuongezea kwenye betri za gari (si tindikali yake), kausha, kisha malizia kwa spiriti kali. Njia zilizokwisha kulika ni za fundi.

Usafi ndio kazi kubwa ya mwenye chombo, na katika mji wa pwani pengine nusu ya malalamiko huishia hapo: noti isiyolia mpaka uibonyeze kwa nguvu, kitelezi kinachokwaruza, kitufe kinachoitika mara mbili. Chomoa waya ukutani na uache chombo kikae muda mrefu, kwa sababu kapasita za sehemu ya umeme hubaki na chaji baada ya kuzimwa, na hata baada ya hapo usiweke kidole karibu na swichi na transfoma. Piga picha kila hatua, panga skrubu kwenye vikombe vya kahawa kwa mpangilio wa kutoka, na uandike kila waya umetoka wapi. Chini ya vibonyezo vya noti utakuta ama vipande vya mpira vyenye doa jeusi la kaboni, ama vyuma vyembamba vinavyogusana. Mpira hupanguswa kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo tu, bila kusugua, maana kaboni ikitoka haina mbadala wa karibu. Spiriti ya asilimia 70 inayouzwa katika maduka ya dawa ina maji mengi mno kwa kazi hii. Tafuta ya asilimia 99, na kama haipo Mjini, mwagizie mtu anayekwenda Kariakoo. Vitelezi vinahitaji dawa maalumu ya kusafishia viunganishi vya umeme. Mafuta ya kupuliza ya kulegezea nati, ambayo kila gereji inayo, hufanya chombo kiitike kwa siku chache na kisha huvuta vumbi na kuganda.

Kabla hujaamua kwenda kwa fundi, fanya upelelezi mwenyewe, kwa sababu fundi anayepokea maelezo ya wazi hatozi muda wa kutafuta. Kwa Juno-106 njia ni rahisi: shikilia kitufe kilichoandikwa KEY TRANSPOSE huku ukiwasha, na chombo kitaingia katika hali ya majaribio, ambapo kila unapobonyeza noti kioo huonesha namba ya njia ya sauti inayoliza noti hiyo, kuanzia 1 hadi 6 (njia hizi si zile sauti 128 za kumbukumbu). Nilibonyeza noti moja moja polepole usiku, nyumba ikiwa kimya. Ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu safi. Ilipotokea namba 4 spika ilitoa mlio kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji, na ulipofika tena mzunguko wa namba 4, ukarudi uleule. Hapo nikajua kwamba tatizo halikuwa noti wala spika, bali ni chipu moja kati ya sita ziitwazo 80017A, ambazo zilipakwa kiwandani utando mgumu unaozeeka na kupitisha umeme pasipotakiwa.

Chipu hizo ni kazi ya fundi, nami sikusita. Wako wanaozichomoa na kuziloweka katika asitoni mpaka utando ulainike na kubanduka, na mara nyingi hufufuka. Zipo pia nakala mpya zinazotengenezwa siku hizi. Tatizo ni kuitoa chipu yenye miguu mingi iliyopangwa mstari mmoja bila kung'oa shaba ya bodi ya miaka arobaini. Vilevile mwachie fundi sehemu ya umeme, ambayo katika chombo hiki lazima itoe volti 15 chanya, 15 hasi na 5 chanya, kwa kuwa kuipima ni lazima chombo kiwe kimewaka na kifuniko kiko wazi.

Fundi gani, basi? Kwa Unguja, na zaidi kwa Pemba, asiye na historia ya vinanda hivi si lazima awe mbaya. Fundi redio hodari anayesoma mchoro wa saketi na kumiliki mita nzuri ataweza, ilimradi umpelekee kitabu cha matengenezo cha chombo hicho, ambacho hupatikana mtandaoni. Niliyemwendea mimi alikitazama kitabu kwanza kwa robo saa, kisha akaniuliza, “Mwanangu, hii chipu unayo, au unataka nikachezee?” Swali hilo lilinitosha kumwamini. Wa kabla yake alitaka kubadilisha kapasita zote kabla hajakiwasha chombo. Mkubaliane bei ya kukagua mbali na bei ya kutengeneza, sema kwamba vipande vya zamani utavichukua, na kama chombo kitavuka kwa boti, kifungwe ndani ya godoro jembamba na kisiachwe sitaha kurushiwa maji ya chumvi.

Siku ya kukichukua usiridhike na noti tatu. Kiwashe hapo hapo kwa fundi, mkae saa nzima mpaka kipate joto, kwa maana chipu mbovu mara nyingi hutulia ikiwa baridi na kuanza kelele ikipata moto, kisha rudia kuhesabu njia zote za sauti, moja hadi sita.