Sukari ya kidole si sukari ya damu

Kama unapima sukari nyumbani, nawa mikono kwa maji na sabuni, ukaushe kabisa, ndipo utoboe kidole. Juzi hapa Bukavu, mama alitoka kumenya maembe ya soko la Kadutu, akapima palepale: 268 mg/dl. Akanawa, akarudia: 141. Tone la damu ni dogo sana, kwa hiyo utomvu wa tunda uliobaki kwenye ngozi, hata usiouona, unaingia kwenye bandeleti (kile kijikaratasi cha kupimia) na mashine inauhesabu pia. Hatari iko kwa anayejidunga insulini: ataongeza dozi kwa ajili ya embe.

Ile dawa ya kupaka mikononi isikudanganye, inaua vijidudu lakini sukari inabaki palepale. Maji yamekatika (tunajuana)? Toboa, futa tone la kwanza kwa pamba safi, pima la pili. Ila kunawa ni bora. Na usipime kidole kikiwa bado kibichi, maji yanazimua damu na namba inashuka. Asubuhi ya baridi tumia maji ya vuguvugu, damu itatoka bila kukamua sana.

Kunawa hakusaidii kitu kama bandeleti zimepita tarehe au kopo lake lilikaa wazi likala unyevu. Na mgonjwa wa sukari akitetemeka na kutoka jasho la ghafla, huenda sukari imeshuka mno: usimpeleke kutafuta sabuni. Kama mashine haiko karibu, mpe kwanza maji ya sukari, mradi anaweza kumeza, kisha ndiyo upime.