Keki ya Tabaka ya Matunda kwa Krismasi: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwasha Jiko

Hapa Tabora, Desemba ni mwezi wa embe na wa wageni, na vyote viwili huingia nyumbani kwa wingi kuliko ulivyopanga. Keki ya tabaka ya matunda usiianze asubuhi ya sikukuu. Ianze siku mbili kabla, maana ulaini wake unategemea sana maji ambayo matunda yameyanywa au yameyapoteza kabla hayajakutana na unga.

Zabibu zikiingia kavu zitanyonya maji ya keki yenyewe. Loweka gramu 250 usiku kucha kwenye juisi ya machungwa, au chai ya rangi ya moto yenye mdalasini. Asubuhi zichuje, uzigaragaze kwenye kijiko kimoja cha unga uliochota kwenye unga uleule wa keki, ili zisizame zote chini.

Embe lina taabu ya upande wa pili: maji yamezidi. Vipande vibichi vikikaa katikati ya tabaka huanza kuvuja, na tabaka la juu huteleza mbele ya wageni. Lipike kwa moto mdogo pamoja na ndimu mpaka ukipitisha mwiko sufuriani njia ibaki wazi, kisha lipoe kabisa. Embe la nyuzi lichuje kwanza. Hakuna anayetaka wakwe wachokonoe meno mezani. Nanasi nalo usilitie bichi kwenye krimu, kwa sababu lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa na kuleta uchungu. Likishapikwa halina neno.

Asali tunayo, na kwa keki hii mimi naiona bora kuliko sukari kwa kuwa huvuta unyevu na kuushikilia. Penye kikombe cha sukari weka robo tatu ya kikombe cha asali, punguza maziwa kidogo, ongeza robo kijiko cha chai cha magadi soda, na shusha moto kwa nyuzi 15 hivi, maana asali huwahi kuungua. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe kabisa, hata kama bibi yake anasisitiza.

Jambo linalosahaulika ni mwinuko. Mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huku hewa ni nyepesi kidogo kuliko Dar es Salaam. Keki huumuka haraka, kisha hudidimia katikati kabla haijashika. Ukifuata vipimo vya mtu wa pwani, punguza robo kijiko cha baking pauda katika kila vijiko viwili. Mayai ya kuku wa kienyeji ni madogo: penye manne weka matano.

Kuhusu moto, usitegemee umeme peke yake. Weka mkaa akiba, na sufuria zito lenye mfuniko bapa unaoweza kubeba makaa. Ukioka kwa mkaa, makaa mengi yawe juu na machache chini, la sivyo kitako kitaungua huku juu kukiwa uji. Oka tabaka mbili katika vyombo viwili badala ya keki moja nene ya kupasua. Huiva sawasawa na hazikauki pembeni.

Zikipoa, zifunge vizuri zilale usiku mmoja, kwani keki ya moto hupukutika ukiigusa. Kesho yake zipake asali iliyozimuliwa kwa maji ya moto kwa brashi, ndipo upange embe. Krimu iwe ya mwisho kabisa, tena kama friji ipo. Kama keki inasafiri kwa bajaji hadi Isevya au kwa treni hadi Kigoma, beba tabaka peke yake na embe peke yake kwenye chupa, uzipange ukifika.