Jinsi ya kuwaona nguchiro pale Ruaha na kuelewa wanavyojilinda

Kamwene ndugu zangu, wengi mkitoka Iringa kwenda Ruaha akili yote iko kwa simba na tembo, sawa, ila kuna vichuguu pembeni ya barabara wanaishi nguchiro wadogo na mnavipita mbio, mimi roho inaniuma kweli.

Kwanza jua hawatoki shimoni gizani, wanasubiri jua lichomoze, kwa hiyo mida ya saa moja hivi asubuhi uwe ushapaki karibu na kichuguu chenye matundu, zima injini, zima na mziki, kaa humo humo ndani ya gari. Sio kila kichuguu utawakuta maana wanahamahama kila baada ya siku chache. Ukiona hondohondo wametulia jirani na kichuguu usiondoke, kule Taru, Kenya, watafiti waliona hawa ndege wanawangoja nguchiro asubuhi watoke, wakianza kutembea panzi wanaruka na hondohondo anadaka, halafu mwewe akitokea ndege ndo wanatoa taarifa.

Atatoka mmoja, utaona kapua tu kanatikisika, anaangalia juu kwanza. Afu wenzake wanafuata, wanalambana, wanajikuna, mwili mzima haufiki hata nusu kilo. Sasa hapo usihangaike na wanaokula, mtafute mlinzi. Anakuwa juu ya kichuguu au kisiki, anaangaza macho huku na huku, wenzake wanachimbua mende yeye hali, mpaka mwingine aje ampokee zamu. Huyo ndo wa kumkazia macho na darubini.

Sikiliza pia. Mlio wa hatari ya angani sio sawa na wa hatari ya ardhini, na ukitoka ule wa mwewe sekunde haiishi kichuguu kimebaki kitupu. Nyoka hawamkimbii hivyo, wanamzunguka kundi zima manyoya yamesimama mpaka aondoke zake.

Kama wana watoto, kuna mmoja anabaki nao shimoni, na mara nyingi sio yeye aliyewazaa, kwenye kundi kwa kawaida anayezaa ni yule jike mkubwa na dume lake, wengine wote ni walezi.

Wakishaingia mashimoni kwa hofu, tafadhali usiwashe gari, dereva mmoja alitufanyia hivyo na asubuhi yetu ikaishia pale. Wape nguchiro dakika kumi, macho kwenye tundu la juu, utakiona tena kile kipua.