Kabla Hujaingia Zimamoto Mombasa

Nafasi za zimamoto zikitangazwa, vijana wengi hukimbilia uwanjani kupiga pushapu. Si vibaya, lakini yako mengine yanayotangulia nguvu za mkono, na kwanza ni kujua unabisha mlango wa nani.

Katiba ya 2010 iliziachia kaunti huduma za zimamoto. Kwa hivyo anayeajiri wazimamoto wa mjini ni serikali ya kaunti, kupitia bodi yake ya utumishi wa umma. Bandari ya Kilindini ina kikosi chake chini ya Mamlaka ya Bandari, na uwanja wa ndege wa Moi una chake pia. Huko moto ni wa meli, makontena na mafuta ya ndege, na mafunzo yanafuata hatari hizo. Marekani na Ujerumani wazimamoto wengi ni watu wa kujitolea, wenye kazi zao nyingine za kuwapa riziki. Kwa kijana wa Mombasa anayetaka kujitolea, njia iliyo karibu ni tawi la Msalaba Mwekundu au St John Ambulance. Atafunzwa huduma ya kwanza, na siku ya mkasa atakuwa na majeruhi na familia zilizobaki na nguo za mwilini tu. Hatashika mpira wa maji, lakini naomba asiidharau kazi hiyo. Mtu aliyeungua anahitaji mikono inayojua la kufanya kabla ambulensi haijafika.

Makaratasi yaandae mapema: kitambulisho, vyeti vya shule, cheti cha tabia njema, namba ya KRA, na leseni ya magari makubwa kama unataka udereva. Nafasi hainunuliwi. Anayekuomba chochote ili akusukumie faili ni tapeli, hata akiwa jirani yako.

Sasa pumzi, na hapa nitakaa kidogo. Nguo nzito, kofia, buti na mtungi wa hewa mgongoni hupita kilo 20, na joto la Mombasa na unyevu wake unalijua. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa hadi bar 300 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa) una hewa ya karibu lita 2,000. Anayepumua kwa utulivu lita 40 kwa dakika ana dakika 50; aliyebabaika akafika lita 100 ana dakika 20. Na si zote za kutumia, kwani hewa ikishuka karibu na bar 55 filimbi hulia begani, na hapo unatakiwa uwe njiani kutoka. Ndani ya moshi huoni hata kiganja chako. Unatambaa, mkono mmoja ukutani, unasikia pumzi zako mwenyewe ndani ya barakoa. Kama giza na mahali pa kubana hukutia wazimu, jipime sasa, usingoje siku ambayo mwenzako anakutegemea.

Mazoezi basi yawe ya pumzi na miguu. Kule Marekani mtihani mmoja unaotumika sana, CPAT, una vituo 8 vya kumalizwa ndani ya dakika 10 na sekunde 20, huku umevaa fulana yenye uzito wa karibu kilo 23. Hapa unaweza kuweka mchanga kwenye begi na kupanda ngazi za ghorofa, ukianza na mzigo mdogo. Lakini kabla ya hapo kapime presha na moyo. Kule kule Marekani, wazimamoto wanaofia kazini huuawa na moyo kuliko na kitu kingine chochote.

Jambo ambalo halimo kwenye tangazo lolote la kazi ni kuujua mji. Tembea Mji wa Kale kwa miguu. Vichochoro vingi havipitishi gari, kwa hivyo mpira unavutwa kwa mkono, na kiungo chake cha chuma hukwama kwenye kila pembe ya baraza. Lazima mtu abaki pale pembeni kuuchomoa, la sivyo walioko mbele wanavuta bure. Nenda Shimanzi uone matangi ya mafuta yalivyokaribiana na watu. Pita kwenye mahoteli ya makuti kuanzia Nyali hadi Shanzu wakati kaskazi inavuma, ujiulize cheche ya paa moja itatua wapi. Jua kama gari la kwenda Likoni lipande feri au lizunguke Dongo Kundu, na saa hiyo foleni ikoje.

Halafu kuna lawama. Kila moto mkubwa utasikia watu wakisema gari limekuja bila maji. Hebu tupige hesabu: gari lenye lita 5,000, mpira mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, limekauka kwa dakika 10. Mwenye nyumba inayoteketea hapigi hesabu hiyo. Anachoona ni gari linaondoka kwenda kujaza, na mawe huanza kurushwa. Unaweza kutukanwa na mtu unayejaribu kumwokolea mali na usimjibu? Kwangu mimi hiki ni kipimo kikubwa kuliko mbio. Umati wenyewe nao ni hatari: Sachangwan mwaka 2009 watu zaidi ya 100 waliangamia baada ya lori la mafuta kupinduka, watu wakakimbilia kuchota na moto ukawawakia. Mzimamoto anayejua kuzungumza na watu, akawarudisha nyuma kwa heshima, ameokoa wengi kabla hajafungua maji.

Nyumbani zungumzeni. Zamu hazijui Idi wala Krismasi. Ikiwa unafunga Ramadhani, ongea na daktari na mkubwa wako wa zamu mapema kuhusu kazi ya joto kali bila maji. Usilifanye jambo la siri. Mweleze mkeo au mumeo pia kwamba nguo za moto haziingii nyumbani wala hazifuliwi pamoja na za watoto. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kazi ya uzimamoto kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani, na masizi yanayobaki kwenye nguo na ngozi ni sehemu ya hatari hiyo. Oga mara tu zamu ya moto ikiisha.

Na chanjo. Utagusa damu ya majeruhi, utakanyaga misumari kwenye vifusi. Pepopunda iwe imekamilika, na homa ya ini aina ya B huchanjwa dozi tatu zinazochukua miezi 6, kwa hivyo dozi ya kwanza ipate sasa, kabla tangazo halijatoka.