Namna ya kuuelewa ubongo wa ndugu mwenye skizofrenia na kuzuia ukali nyumbani

Familia nyingi za hapa Dodoma hufika hospitali zikiuliza kama kipimo cha kichwa kitaonyesha kwa nini kijana wao mwenye skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini kuwa anawindwa) amekuwa mkali, na wapo waliokwisha kuuza ng'ombe ili wapate fedha za kipimo hicho. Kabla ya kuuza, elewa kwanza kinachojulikana.

Mwaka 1976, Eve Johnstone na wenzake nchini Uingereza walionyesha kwa kipimo cha CT (picha za ndani ya kichwa zinazopigwa kwa eksirei) kwamba nafasi zenye maji katikati ya ubongo zilikuwa kubwa zaidi kwa wagonjwa wa muda mrefu wa skizofrenia kuliko kwa watu wasio na ugonjwa huo. Picha za MRI (zinazopigwa kwa sumaku) zilizofuata zimeonyesha kuwa hipokampasi, inayosaidia kumbukumbu, huwa ndogo kidogo, na kwamba gamba la ubongo huwa jembamba zaidi, hasa nyuma ya paji la uso na kwenye upande wa masikio. Upande huo wa masikio ndio unaoshughulikia sauti na maneno, na upungufu wake umehusishwa na kusikia sauti zisizokuwepo. Sehemu ya paji hupanga mambo na kuzuia msukumo wa ghafla, na upungufu wake umehusishwa na kukosa ari, na katika baadhi ya tafiti na ukali pia. Hata hivyo, matokeo kuhusu ukali hayafanani, yakiwemo yale ya amigdala, inayotambua hatari.

Tofauti hizi zote ni wastani wa makundi. Wagonjwa wengi wana ubongo usiotofautika kwa picha na wa jirani yao mzima, kwa hiyo MRI haithibitishi skizofrenia wala haitabiri nani atapiga. Daktari huiomba anaposhuku uvimbe, jeraha au ugonjwa mwingine wa kichwa. Asipoiomba, nauli na dawa zitakufaa zaidi.

Wagonjwa walio wengi hawana ukali, na mara nyingi wao ndio wanaoumizwa na watu. Hatari huongezeka dawa zinapoachwa, bangi au pombe inapoingia, na sauti zinapomwamuru mtu au kumfanya aamini kuwa anawindwa. Hayo ndiyo ya kuyatazama.

Jioni moja mdogo wangu aliacha ugali wa uwele na mlenda, akasimama mlangoni akiwa ameziba masikio kwa viganja. Alikuwa hajalala usiku mbili. Baba alitaka kumkemea, nami nikamwomba atoe watoto nje na kuondoa shoka lililokuwa karibu na kuni. Nilikaa kando, nikiacha mlango wazi ili yeye na mimi tuweze kutoka, nikamwambia kwa sauti ya chini: "Mdogo wangu, mimi sizisikii hizo sauti, lakini naona zinakusumbua." Sikubishana naye wala sikumshika. Baada ya muda alikubali kukaa.

Fanya hivyo kwako, nawe usingoje hali iwe mbaya zaidi: kukosa usingizi, kuzungumza peke yake na kukataa chakula kwa kuhofia sumu ni sababu za kumpeleka kliniki mapema, au katika Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe ikiwa mko karibu. Kamba na minyororo humwongezea hofu na kumjeruhi, nami nakusihi usivitumie. Anapotishia uhai, watu waondoke, kisha uombe msaada kwa mtendaji wa kijiji au polisi ukieleza wazi kwamba ni mgonjwa.

Kwa anayesahau vidonge, muulize daktari kuhusu sindano inayofanya kazi kwa wiki kadhaa kama flufenazini, na tarehe ya sindano inayofuata iandikwe kwenye kalenda ya ukutani, mahali ambapo yeye mwenyewe anaiona.