Kabla ya kufungua Biblia kando ya kitanda: mwongozo kwa wanaokwenda kuwaona wagonjwa

Saa za jioni za kuona wagonjwa zinapofika katika hospitali nyingi za wilaya nchini Tanzania, walinzi hufungua lango, na katika msururu wa watu wenye chupa za chai na hotpoti za ndizi hawakosekani watu wa kanisa: akina mama wa usharika, vijana wa kwaya, au jumuiya ndogo ndogo iliyokubaliana Jumapili kwamba wiki hii zamu yao ni wodini. Wanakwenda kwa sababu ya Mathayo 25, ambapo Bwana anasema kwamba alikuwa mgonjwa, nao wakamtazama. Mwongozo huu ni kwa ajili yao, na umeandikwa na mtu aliyekwenda kwa miaka kadhaa kabla ya kujua anachokifanya.

Anzeni kwa muuguzi wa zamu. Mjulisheni mmetoka wapi, mko wangapi na mnakusudia kumwona nani, kisha mmwulize kama kuna wodi au kitanda ambacho leo hakifai kufikiwa. Katiba yetu, katika Ibara ya 19, inaiacha kazi ya kutangaza dini iwe huru na iwe jambo la hiari ya mtu binafsi, na hiari hiyo ni ya aliyelala kitandani sawasawa na ilivyo yako wewe uliyesimama. Ingieni wawili au watatu. Kundi la watu kumi na wawili wanaoimba pambio katikati ya wodi linawafurahisha zaidi waimbaji, kwa maana hatua tatu kutoka hapo amelala mtu aliyetoka chumba cha upasuaji asubuhi.

Vitu vya kubeba vichaguliwe kwa kuuliza, kwa sababu huruma isiyouliza huleta madhara. Uji wenye sukari si zawadi kwa mwenye kisukari, wala chakula chochote hakifai kwa mgonjwa aliyeambiwa asile kwa kuwa anasubiri operesheni. Mara nyingi kinachokosekana ni sabuni ya kufulia, pampasi, kanga ya kubadilisha, au ndoo. Kuna na mambo ambayo hata hayahitaji fedha.

Hilo nilifundishwa na mama mmoja mtu mzima aliyeletwa kutoka kijijini akiwa amevunjika nyonga. Nilimsomea zaburi, nikamwombea kwa muda mrefu na kwa ufasaha ambao, nakiri, ulinipendeza mwenyewe, na nilipokwisha kusema amina nikamwuliza kama ana neno. Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa simu ndogo ya batani iliyofungwa kwa mpira ili betri isidondoke, akasema, "Mwanangu, unaweza kunichajia hii? Imezima tangu juzi, na watoto hawajui niko wapi." Muda wote nilipokuwa namwombea amani, amani yake ilikuwa imezimika chini ya mto, na nilikuwa nimesimama karibu na soketi. Tulipoichaji na mwanawe akapokea, yule mama alilia, kisha akaniomba nimsomee tena ile zaburi, kwa kuwa mara ya kwanza hakuisikia.

Tangu siku hiyo naanza na swali ambalo Yesu alimwuliza Bartimayo katika Marko 10: "Wataka nikufanyie nini?" Upofu wa Bartimayo ulionekana na kila mtu pale barabarani, hata hivyo aliulizwa, akapewa nafasi ya kutaja haja yake kwa kinywa chake mwenyewe. Basi msalimie mgonjwa kwa heshima ya umri wake, shikamoo kwanza na pole baadaye. Jitaje jina na kanisa unakotoka. Wape pole na wanaomuuguza, ambao mara nyingi wamelala sakafuni usiku kucha bila mtu kuwajali. Kisha uliza, na unyamaze mpaka ujibiwe. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi bora waliyoifanya, maana walipofungua vinywa waliharibu.

Hapo ndugu wengine huuliza: kama ni kuchaji simu na kufua kanga, Injili iko wapi? Swali hilo ni la haki, kwa sababu aliyeitwa kuishuhudia imani hawezi kunyamaza milele na kuuita unyamavu wake unyenyekevu. Jibu nimelipata katika 1 Petro 3:15, tunapoagizwa kuwa tayari kumjibu kila mtu "awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu", tena kwa upole na kwa hofu. Mtume anadhani kwamba tutaulizwa. Na mgonjwa huuliza kweli, ila mara chache huuliza siku ya kwanza: huuliza ziara ya tatu, unapomkunjia nguo, kwa nini unakuja ilhali si ndugu yake. Wakati huo jibu kwa ufupi, useme lile ambalo wewe mwenyewe umeliona kwa Mungu. Omba ruhusa kabla ya kuomba dua, na ruhusa kabla ya kuweka mkono. Mwulize tumwombe Mungu nini kwa ajili yake. Sauti iwe ya chini, na ugonjwa usitajwe, kwa sababu jirani wa kitanda cha pili anasikia.

Yapo maneno ambayo yasitamkwe kabisa. Usimwambie mgonjwa kwamba anaumwa kwa ajili ya dhambi fulani. Wanafunzi walipoliuliza hilo kuhusu kipofu, katika Yohana 9, Yesu alilikataa. Usimwahidi uponyaji kwa tarehe, na usimshauri kuacha dawa. Tunaokumbuka mwaka 2011, foleni za magari zilipoelekea Samunge, Loliondo, kwa ajili ya kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500, tunakumbuka pia wagonjwa waliotolewa vitandani hospitalini wakapelekwa huko.

Mgonjwa akiwa Mwislamu, mhudumie vilevile wala usifiche kwamba wewe ni Mkristo. Akikataa maombi, bado sabuni ni yake. Msaada ukigeuka chambo, hata anayeupokea hulijua hilo kabla yako. Yule Msamaria wa Luka 10 alitia mafuta na divai, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akalipa dinari mbili, wala hatusomi popote kwamba aliuliza dini ya aliyeanguka njiani.

Suala la bili msilibebe kwa ahadi za papo hapo. Mwelekezeni mgonjwa au ndugu zake kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye ndiye anayeshughulikia maombi ya msamaha wa gharama, na kinachochangwa kikabidhiwe kwa watu wawili na kuandikwa daftarini. Picha zisipigwe. Mgonjwa mwenye mpira wa mkojo si pambo la kundi la WhatsApp la usharika, hata kama mwenyekiti anataka taarifa.

Siku ya kuruhusiwa ikikaribia, ulizeni nani atakuja kumchukua na kama nauli ipo, na akikubali, mpigieni simu mwinjilisti wa kwao, au, kama ni Mwislamu, watu wa msikiti wake. Rudini siku ileile mliyosema mtarudi. Mkikuta kitanda kimetandikwa shuka safi na jina limebadilika, mwulizeni muuguzi pembeni, kwa sauti ya chini, kisha mwende mkawasalimie waliobaki vitanda vya jirani, kwa kuwa wao walimwona akiondoka.